Vipande vya Msitu katika Usambara Mashariki

Apandaye kutoka Muheza kwenda Amani huona mashamba ya chai yakifunika vilima, na katikati yake vijisitu vya miti mirefu, kimoja hapa, kingine kule. Mgeni husema, “Msitu upo bado.” Kiswahili kina msitu, mwitu, pori na kichaka, lakini sijasikia neno la msitu uliosimama pasipo kuzaa, nalo lingefaa huko.

Mambo yalianza zamani za Wadachi, yaani Wajerumani. Katika miaka ya 1890 walowezi wao walifyeka misitu wapande kahawa, wakidhani kwamba ardhi ilishayo miti mikubwa namna ile haikosi kuwa na rutuba. Kumbe rutuba ilikuwa katika miti yenyewe na majani yake yaozayo; miti ilipoondolewa, kahawa ikadhoofika. Mwaka 1902 wakaweka Amani chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo. Baadaye, zamani za Waingereza, chai ikashika mahali pa kahawa, nayo ikastawi. Hivyo mianya ile haikuzibika tena, na msitu uliokuwa mmoja ukabaki vipande, vingine vya hekta chache tu.

Sasa, miti mingi ya huko haitegemei upepo kutawanya mbegu zake, bali wanyama walao matunda: kima, popo, na hasa ndege. Ndege humeza tunda, huruka, huiangusha mbegu mbali. Lakini ndege wakaao chini msituni, waliozoea kivuli, huogopa mahali peupe. Kwao shamba la chai ni kama bahari. William Newmark alionyesha mwaka 1991 kwamba kadiri kipande kilivyo kidogo na kilivyotengwa, ndivyo aina za ndege hao zilivyo chache.

Mwaka 2001 Norbert Cordeiro na Henry Howe walitoa hesabu ya miche. Ile ya aina 31 za miti itawanywayo na wanyama ilizidi mara tatu katika msitu mkubwa, na katika vipande vya hekta 30 au zaidi, kuliko katika vile vya hekta 9 au pungufu. Bali miti ya upepo, na ile ambayo mbegu zake huanguka tu, haikuonyesha tofauti. Na aina 10 za miti isiyoota ila katika milima ya sehemu hizi, miche yake ilikuwa pungufu mara 40. Mwaka 2003 walieleza habari za mti mmoja, Leptonychia usambarensis: katika vipande ndege waujiao ni wachache, mbegu nyingi huachwa, na miche husongamana karibu na mama yao.

Hondohondo, kwa kweli, hupita juu ya chai bila hofu. Lakini yeye ndiye aliyesaidia kumweneza mgeni, Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, ulioletwa Amani kabla ya vita ya 1914. Mti huo hupenda mwanga, nao umejaa kila mahali msitu ulipofunguliwa na wakata mbao. Kwa hiyo mahali paweza kuwa kijani kibichi, huku miti ya asili haina warithi. Na kwa kuwa mti mkubwa huishi kuliko mtu, waliofyeka hawakuiona hasara hii.

Mwaka 1997 serikali ilitenga Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ikiunganisha misitu yake na mingine iliyokuwa mali ya mashamba ya chai. Vijisitu vingi vidogo vilibaki nje ya mpaka.