Jina la Bidhaa: Mwenye Kulitoa na Mwenye Kulitumia

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem, Massachusetts, zikazidi kuleta Unguja nguo nzito za pamba zisizotiwa rangi. Nguo hizo zilipata jina kwa wanunuzi, nao waliziita merikani, kwa kutaja zilikotoka. Jina hilo likafuatana na misafara hata bara, ambako merikani ilihesabiwa kwa shuka na doti, ikatumika mahali pa fedha.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliipunguza sana biashara hiyo, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia badala yake. Hata hivyo jina halikuondoka. Neno lililotaja asili ya nguo likawa sasa lataja aina yake, popote ilipofumwa.

Njia ya M-Pesa ni nyingine. Huduma hiyo ilianzishwa Kenya na Safaricom mwezi wa Machi 2007, na jina lilichaguliwa kabla haijafika sokoni. Ilipojaribiwa mwaka 2005, kusudi lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo; lakini watu waliopewa kuijaribu wakaitumia kupelekeana fedha. Lau jina lingalifungwa na mkopo, lingalipasa kubadilishwa. Neno pesa, lililotoka katika paisa ya Kihindi, lilikuwa pana vya kutosha kuyabeba matumizi yote mawili.

Herufi ya mbele nayo yastahili kuangaliwa. Ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya simu ya mkononi, na msemaji huitamka "em" kwa Kiingereza, wala si kama m ya mtu au mpira. Kwa hiyo pesa yabaki ikisikika peke yake, neno la watu wote. Na mwaka 2010 kampuni nyingine iliweza kuanzisha Tigo Pesa nchini Tanzania.

Basi mwenye bidhaa aweza kuandikisha jina lake lote kwa sheria, lakini shina alilolikopa kwa umma halimwi lake. Merikani yafundisha zaidi ya hayo: hata jina zima, likishaingia kinywani mwa wanunuzi, maana yake hufuata matumizi yao.