Ramani za Mwinuko na Bonde la Msimbazi

Ramani ya mwinuko hujibu swali la yule aliyeigharimia, na Dar es Salaam imelipa gharama ya swali lisilo lake. Mwaka 1946 Uingereza iliunda kurugenzi ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, aliyekwisha kuongoza upimaji wa tao la meridiani ya 30 nchini Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndege za kijeshi zilipiga picha za anga, na kutokana na picha za namna hiyo zikachorwa ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizoendelea kutumika baada ya uhuru. Kwa kuchagua njia ya barabara, ramani hizo ni kazi bora kabisa. Lakini humo sentimita 1 ni mita 500 ardhini, na kontua zinazoachana mita 20 huichora vizuri milima ya Uluguru huku Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, ikibaki tambarare isiyo na habari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika jiji hilo, na tofauti kati ya nyumba iliyozama na iliyopona mara nyingi haikufika mita moja.

Wapo wanaosema setilaiti na vyombo vya anga vimemaliza tatizo. Ni kweli kwamba Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu duniani kwa siku 11, na data zake ni hazina. Hata hivyo rada ile husoma mapaa na vilele vya miti, na kosa lake hufika mita kadhaa. Katika Kigogo, kando ya Msimbazi, kosa hilo ni kina kizima cha mafuriko. Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza jijini humo mwaka 2015, ulikuwa na uzito. Wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wenyeji walipima mitaro na makalavati, droni zikapiga picha, na wakazi wakaulizwa maji yalifika wapi ukutani. Modeli ya mafuriko isiyojua kalavati lililoziba hudanganya, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ramani hizi zitatumika kubomolea watu nyumba. Hofu hiyo ina msingi, kwani Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa. Ila kukosa ramani hakukumlinda yeyote. Data zikiwa wazi kwa wote, mkazi ambaye nyumba yake imechorewa X nyekundu ya kubomolewa anaweza kuhoji kwa nini jirani aliye chini yake ameachwa. Ramani nazo huchakaa: mchanga na taka hupandisha sakafu ya Msimbazi, hivyo upimaji unastahili fungu la kudumu katika bajeti ya jiji.