Kutoka .zr hadi .cd: Historia ya Michezo ya Upau wa Anwani

Upau wa anwani ni ule mstari ulio juu ya kivinjari, mahali mtumiaji wa intaneti anapoandika anakotaka kwenda. Kazi yake ya asili ni ya kawaida kabisa, kama ile ya maandishi yaliyo juu ya bahasha. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 watu wameufanyia mambo ambayo waliouvumbua hawakuyapanga. Wameugeuza kuwa daftari, kikokotoo, uwanja wa michezo na bango la jina. Kwa watu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakiwemo wakazi wa Dilala na Manika, komini mbili zinazounda mji wa Kolwezi, upau huo umebeba pia historia ya nchi katika herufi mbili: .cd.

Ili michezo hiyo ieleweke, yafaa kwanza kujua anwani imeundwaje. Muundo wake ulitokana na kazi ya Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, na kanuni zake zilichapishwa rasmi Desemba 1994. Sehemu ya kwanza, iliyo kabla ya nukta pacha, hukiambia kivinjari kitumie njia gani. Ya pili ni jina la mahali. Ya tatu, inayofuata mkwaju, ni ukurasa wenyewe. Mwaka 2009 Berners-Lee alikiri kwamba mikwaju miwili inayokuja baada ya nukta pacha haikuwa na lazima. Ila nukta pacha yenyewe imekuwa mlango wa ubunifu mwingi, kwa sababu hakuna kanuni inayosema kwamba neno lililo mbele yake lazima limpeleke mtu mtandaoni.

Waliotangulia kuutumia mlango huo kwa mzaha ni watengenezaji wa kivinjari cha Netscape. Katikati ya miaka ya 1990, aliyeandika about:mozilla kwenye upau alifunguliwa ukurasa wenye aya zilizotungwa kwa mtindo wa vitabu vitakatifu, zikisimulia habari za mnyama wa kubuni. Aya hizo zilipewa namba za sura na mstari kana kwamba zimetolewa katika kitabu kikubwa, na kila zama za kivinjari hicho na warithi wake zikaongezewa aya mpya. Kivinjari cha Firefox kilirithi desturi hiyo, na toleo lake la tatu la mwaka 2008 likaongeza about:robots, salamu za maroboti kwa wanadamu. Kurasa hizi hukaa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo hufunguka hata pale pasipo na mtandao.

Mlango wa pili ulikuwa neno javascript. Lugha ya programu yenye jina hilo ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, na punde ikaonekana kwamba amri zake zinaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye upau. Amri ya mstari mmoja iliweza kubadili rangi ya ukurasa, kukuza maandishi au kuufanya ukurasa wowote uandikike kama karatasi. Mabadiliko hayo yalionekana kwenye skrini ya mwandishi peke yake, na yalifutika mara ukurasa ulipofunguliwa upya. Mwaka 1998 Steve Kangas alizipa amri za aina hii jina la bookmarklets, kwa kuwa ziliweza kuhifadhiwa pamoja na anwani zinazopendwa na kubonyezwa wakati wowote. Mchezo huo ulikuja kuharibiwa na matapeli. Karibu na mwaka 2011 walianza kuwashawishi watumiaji wa Facebook wanakili amri wasizozielewa na kuzibandika kwenye upau, na kwa njia hiyo wakazitawala akaunti zao. Vivinjari vikubwa vilijibu kwa kuliondoa neno la mwanzo mtu anapobandika amri, au kwa kukataa kuitekeleza.

Mlango wa tatu ni neno data. Kanuni yake iliandikwa na Larry Masinter na kutolewa Agosti 1998, na shabaha yake ilikuwa kuwezesha picha ndogo kubebwa ndani ya anwani badala ya kuletwa kutoka mbali. Mtu akiandika data:text/html,Jambo kwenye upau wa kompyuta, ukurasa mweupe hufunguka ukiwa na neno Jambo. Hakuna seva iliyoulizwa, wala mega moja iliyotumika: anwani yenyewe ndiyo ukurasa. Mwaka 2013 ulienea mstari mfupi wa aina hiyo ulioligeuza dirisha la kivinjari kuwa daftari la kuandikia. Mwaka 2018 Nicholas Jitkoff akatoa itty.bitty, programu inayobana ukurasa mzima na kuuweka katika anwani, baada ya alama ya reli (#). Yaliyo baada ya alama hiyo hayatumwi kwa seva; hubaki kwenye kivinjari cha msomaji. Hapa pia utapeli ulileta mipaka. Kuanzia mwaka 2017 Chrome, na baadaye Firefox, vilizuia viungo vya kurasa visimpeleke mtu kwenye anwani za data, ingawa anayeiandika mwenyewe bado anaruhusiwa.

Septemba 2008 Google ilizindua Chrome na kuunganisha upau wa anwani na sehemu ya kutafutia. Tangu hapo upau ukawa mahali pa kuuliza maswali. Mtu anaandika hesabu na kupata jibu kabla hajabonyeza chochote. Katika mji kama Kolwezi, ambako dola na franka ya Kongo hutumika bega kwa bega, anayeandika kiasi cha dola kikifuatwa na herufi CDF huletewa thamani yake kwa franka.

Mwaka 2014 Chrome ikaongezewa mchezo wa dinosari anayeruka miiba ya jangwani, unaotokea mtandao unapokatika. Huchezwa pia kwa kuandika chrome://dino kwenye upau. Wabunifu wake walieleza kuwa ulipangwa ili kuumaliza kuchukue takriban miaka milioni 17. Mwaka 2018 Google ilisema mchezo huo huchezwa mara milioni 270 kwa mwezi, zaidi katika nchi ambazo mtandao si wa kutegemewa au ni ghali. Kongo inaifahamu hali hiyo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini na ikarudi baada ya karibu siku 20. Katika siku kama hizo, kati ya yote yanayoweza kuandikwa kwenye upau, yanayoitikia ni yale yasiyohitaji mtandao.

Wengine waliugeuza upau wenyewe kuwa skrini. Mwaka 2011 ulitokea mchezo wa URL Hunter, ambamo mchezaji huwinda herufi zinazotembea ndani ya anwani. Mwanaprogramu Demian Ferreiro naye alitengeneza mchezo wa nyoka kwa kutumia alama za Braille, maandishi ya nukta yanayosomwa na wasioona. Kila alama ina nafasi nane za nukta, safu nne kwenda chini na mbili kwa upana, hivyo mfululizo wa alama hizo kwenye upau ukawa uwanja mwembamba ambamo nyoka huenda akila na kurefuka. Mchezo wote unaenea ndani ya mstari mmoja.

Lakini sehemu ya anwani iliyochezewa kuliko zote ni jina, hasa herufi mbili za mwisho zinazotambulisha nchi. Mwaka 2003 Joshua Schachter alianzisha huduma aliyoiita del.icio.us, akizifanya herufi za Marekani ziwe mwisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kitamu. Bit.ly iliazima herufi za Libya, na mwishoni mwa 2009 YouTube ikaazima za Ubelgiji na kupata youtu.be. Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, imejipatia mamilioni ya dola kwa sababu herufi zake, .tv, ni ufupisho wa televisheni. Herufi za Kongo nazo zina maana nyingine: CD ni ile sahani ya muziki, na kwa wanaotumia kompyuta kwa amri za kuandika, cd ni amri ya kuhama kutoka folda moja kwenda nyingine.

Herufi hizo hazikuwapo tangu mwanzo. Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire mwaka 1971, na kifupi chake cha kimataifa kikawa ZR. Kwenye intaneti ikapewa .zr. Katika zama hizohizo jimbo la Katanga, ambamo Kolwezi ilikuwamo, liliitwa Shaba, jina la madini yake kwa Kiswahili. Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, na nchi ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katanga likarudishiwa jina lake la zamani. Kwa kuwa CG tayari ilikuwa ya Kongo-Brazzaville, nchi ilipewa kifupi kipya, CD, na Agosti 1997 .cd ikaandikishwa. Mwaka 2001 .zr ilifutwa kabisa. Anayeandika leo anwani inayoishia .zr haelekezwi popote. Katika nchi ambayo majina ya miji, majimbo na watu yamebadilishwa mara kadhaa, na ambayo Kolwezi yenyewe ilihamia jimbo jipya la Lualaba mwaka 2015, upau wa anwani nao ulipitia mabadiliko hayo.

Wakongo wakaanza kuitumia .cd kwa namna yao. Kampuni ya madini ya Gécamines, ambayo imeyatawala maisha ya Kolwezi kwa miaka mingi, hupatikana kwa gecamines.cd. Vyombo vya habari vilikwenda mbali zaidi. ACTUALITE.CD na 7SUR7.CD havikuishia kuiweka nukta na herufi hizo kwenye anwani, bali vilizifanya sehemu ya jina lenyewe, linaloandikwa hivyo hivyo chini ya habari. 7 sur 7 kwa Kifaransa ni siku zote saba za wiki. Ubelgiji nako kuna 7sur7.be, chombo kingine kabisa; kinachotenganisha majina yao ni herufi mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa POLITICO.CD ya Kongo na Politico ya Marekani. Kama 243, namba ya simu ya nchi ambayo Wakongo wameifanya jina la pili la nyumbani kwao, .cd imekuwa alama ya kusema habari hii inatoka wapi.

Alama hiyo inahitaji kulindwa. Mwaka 2011 usimamizi wake ulikabidhiwa ofisi ya taifa ya posta na mawasiliano, ambayo sasa ni SCPT. Mwishoni mwa 2020 Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama kutoka Sweden, aligundua kwamba jina la intaneti lililotegemewa na baadhi ya seva za .cd lilikuwa limeisha muda wake na linauzwa. Alilinunua kabla mhalifu hajalipata, akawaarifu wahusika, na Januari 2021 akaeleza hadharani kwamba aliyelimiliki angeweza kuelekeza kwingine karibu nusu ya maombi ya anwani za Kongo. Nchi nzima ilikuwa karibu kupoteza udhibiti wa jina lake kwa sababu ada ya jina moja haikulipwa kwa wakati.

Historia hii inaonyesha kwamba upau wa anwani ni darasa la bei nafuu kuliko yote ya intaneti. Mwanafunzi wa Dilala mwenye kompyuta isiyo na mtandao anaweza kuandika data:text/html na kujifunza namna ukurasa unavyotengenezwa, na aliyezoea kucheza na majina hadanganyiki kirahisi. Atajua kwamba mwenye anwani husomwa kabla tu ya mkwaju mmoja wa kwanza: anwani inayoanza na gecamines.cd kisha ikaendelea kwa nukta na jina jingine si ya Gécamines. Atajua pia kwamba amri iliyotumwa na asiyemfahamu haibandikwi. Walimu wa kompyuta wa Kolwezi waanzie hapo, kwenye mstari huo mmoja ambao kila kivinjari kinao.