Mshtuko wa moyo usiotambuliwa: Historia ya haki ya mgonjwa mjini Toronto

Daktari anapomrudisha nyumbani mgonjwa mwenye mshtuko wa moyo kwa kudhani ni kiungulia, sheria ya jimbo la Ontario nchini Kanada huipa familia zaidi ya mlango mmoja wa kudai haki. Lakini kila mlango una kizingiti chake, na vizingiti hivyo vimejengwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mji wa Toronto una nafasi ya pekee katika historia ya tiba. Ni huko ambako Frederick Banting na Charles Best walianza mwaka 1921 utafiti ulioleta insulini, na ni huko ambako mwaka 1950 daktari wa upasuaji Wilfred Bigelow na wenzake walionyesha kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Hospitali Kuu ya Toronto ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza duniani kuwa na wodi maalumu ya kuwaangalia usiku na mchana wagonjwa waliopatwa na mshtuko wa moyo.

Hata hivyo, ni katika mji huo huo ambako swali gumu lilifika mahakamani: Nani awajibike pale ugonjwa unaojulikana, wenye tiba inayojulikana, unapompita daktari mbele ya macho yake?

Ngome ya madaktari

Mwaka 1901, madaktari waliokutana mjini Winnipeg waliunda Chama cha Kanada cha Kuwalinda Madaktari. Mwaka 1913 bunge la nchi hiyo likakipa chama hicho hadhi ya kisheria. Hakikuwa kampuni ya bima ya kawaida, bali umoja wa kusaidiana: Kila mwanachama hutoa ada, na anayeshtakiwa hupewa mawakili, na ikibidi hulipiwa fidia. Tangu miaka ya 1980, serikali ya Ontario imekuwa ikiwarejeshea madaktari sehemu ya ada hizo kutoka katika fedha za umma.

Mpango huo una faida mbili zinazovutana. Mgonjwa anayeshinda kesi ana hakika ya kulipwa, kwani nyuma ya daktari kuna mfuko mkubwa. Lakini mgonjwa huyo huyo, au mjane wake, hukabiliana na mawakili waliobobea katika jambo hilo moja, na wasio na haraka ya kuafikiana.

Kukosea si lazima kuwe uzembe

Kipimo kinachotumiwa na mahakama hadi leo kilipata sura yake mwaka 1956. Katika kesi iliyotoka Ontario, mtoto mdogo aliyepelekwa kuondolewa mafindofindo aliungua baada ya oksijeni na dawa ya usingizi kulipuka chumbani. Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilimtia daktari hatiani kwa uzembe, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikaunga mkono. Majaji walisema kwamba daktari hatakiwi kuwa mkamilifu. Anatakiwa kuwa na ujuzi na uangalifu ambao daktari mwenye busara, mwenye mafunzo kama yake, angeuonyesha katika mazingira yale yale.

Mwaka huo huo, Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine, ya daktari wa British Columbia aliyempasua mgonjwa akiamini kwamba ana saratani, na baadaye ikabainika kwamba saratani haikuwepo. Safari hii daktari hakuwajibishwa. Alikuwa amepima na kutafakari kwa uaminifu, ingawa jibu lake lilikuwa si sahihi.

Hukumu hizo mbili ndizo zinazoamua hatima ya kesi nyingi za moyo. Daktari aliyemwuliza mgonjwa maswali yanayofaa, akampima umeme wa moyo, akarudia kipimo cha damu baada ya saa kadhaa na bado akakosea, huenda asiwajibike. Yule aliyesikia habari ya maumivu ya kifua, jasho na pumzi kukatika, kisha akaandika dawa ya tumbo bila kupima chochote, yuko mahali pengine kabisa kisheria. Mahakama haiulizi kama mgonjwa alikufa. Inauliza daktari alifanya nini kabla ya kumruhusu aende.

Kesi ya Scarborough

Kesi iliyoutikisa zaidi mji wa Toronto haikuanza na moyo, ingawa iliishia kwenye moyo. Mwaka 1970, kijana wa miaka 19 aliugua, akawa anatapika, anakunywa maji kwa wingi na kukojoa mara kwa mara. Hizo ni dalili zinazofahamika za kisukari. Daktari wa kwanza hakuzitambua, wala yule wa chumba cha dharura cha Hospitali Kuu ya Scarborough, mashariki mwa mji. Ugonjwa ulipotambuliwa, matibabu aliyopewa na daktari bingwa nayo yalikuwa na kasoro. Moyo wa kijana ulisimama, na ingawa aliokolewa, ubongo wake ulibaki na madhara ya kudumu. Yote hayo yalitokea katika mji ulioipa dunia insulini.

Familia ilikwenda mahakamani, lakini daktari bingwa hakuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Hivyo hoja ikawa moja: Je, hospitali inabeba kosa la daktari anayefanya kazi ndani yake? Mwaka 1978, jaji wa kwanza alisema ndiyo. Mwaka 1980, Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilisema hapana, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Waliokuwa wengi walieleza kwamba daktari huyo hakuwa mwajiriwa wa hospitali. Alikuwa mtaalamu anayejitegemea, aliyepewa tu ruhusa ya kutibu pale. Kabla ya Mahakama ya Juu kutoa uamuzi wake, pande hizo mbili zilimalizana nje ya mahakama.

Funzo lake lingalipo. Ontario inalipia matibabu kwa fedha za umma, lakini madaktari wake wengi si watumishi wa hospitali. Kwa hiyo mwenye malalamiko hulazimika kuwatenganisha wahusika: Muuguzi aliyepuuza dalili mlangoni hubebwa na hospitali, daktari hujibu mwenyewe. Anayemsahau mmoja anaweza kukuta kwamba ndiye aliyepaswa kulipa.

Je, angepona?

Kuthibitisha uzembe ni nusu ya safari. Nusu ya pili, na ndiyo ngumu zaidi, ni kuthibitisha kwamba uzembe huo ndio ulioleta kifo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, swali hilo lilikuwa na jibu la kusikitisha. Mwenye mshtuko wa moyo alilazwa kitandani kwa majuma kadhaa, na tiba nyingine ilikuwa ndogo. Daktari aliyekosa kuutambua ugonjwa angeweza kusema kwamba hata angeutambua, matokeo yangekuwa yale yale. Wodi maalumu za miaka ya 1960, zenye mashine za kuushtua moyo uliosimama, zilianza kuidhoofisha hoja hiyo. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kimataifa uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000. Katika muda wa majuma matano, walikufa takriban 13 katika kila 100 ambao hawakupewa aspirini wala dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Miongoni mwa waliopewa dawa zote mbili, walikufa 8. Kadiri tiba ilivyozidi kuwa na nguvu, ndivyo uzito wa kuchelewa ulivyoongezeka, hospitalini na mahakamani pia.

Lakini takwimu hizo zina mtego ndani yake. Kati ya wale 13, dawa ingewaokoa 5 tu, yaani chini ya nusu. Sheria ya Kanada hudai uwezekano unaozidi asilimia 50. Mwaka 1991, katika kesi ya Quebec ya mwanamke ambaye hakuambiwa na daktari kwamba ana saratani, Mahakama ya Juu ilikataa kulipa fidia ya kifo kwa sababu tu ya nafasi ya kupona iliyopotea. Mwaka 2003, Mahakama ya Rufaa ya Ontario ilifuata msimamo huo katika kesi ya mgonjwa wa kisukari aliyekatwa mguu. Kwa maneno mengine, familia ya mtu aliyekuwa na nafasi ya asilimia 40 haipati kitu kwa ajili ya kifo chake. Ya aliyekuwa na asilimia 51 hupata fidia kamili.

Nafuu ilitoka katika hukumu ya mwaka 1990, kuhusu mwanamke aliyepoteza uwezo wa jicho moja baada ya upasuaji. Mahakama ya Juu ilieleza kwamba chanzo cha madhara hakihitaji kuthibitishwa kwa uhakika wa maabara. Jaji anaweza kufikia hitimisho kwa busara ya kawaida, kutokana na ushahidi uliopo. Ndiyo maana mawakili wa familia hawasimami kwenye takwimu peke yake. Huwaleta madaktari bingwa waeleze hali ya mtu huyu mmoja: Alifika saa ngapi, moyo wake ulisimama saa ngapi, na kama ungesimamia wodini, nani angekuwa kando ya kitanda.

Saa ya sheria

Kizingiti kingine ni muda. Zamani, mgonjwa wa Ontario alikuwa na mwaka mmoja tu wa kumshtaki daktari, na hapo awali mwaka huo ulihesabiwa tangu huduma ilipokwisha, hata kama hakujua kwamba amekosewa. Katika miaka ya 1970 sheria ilibadilishwa ili hesabu ianze pale anapojua au alipopaswa kujua. Tangu Januari mosi mwaka 2004, muda wa kawaida ni miaka miwili tangu kugundua.

Kwa aliyefariki, hata hivyo, sheria ni kali. Madai ya mirathi yake yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka miwili tangu siku ya kifo, hata kama familia ilichelewa kuujua ukweli, isipokuwa pale ambapo ukweli ulifichwa kwa hila. Nchini Kenya na Tanzania, ambako nako sheria ya Kiingereza iliacha mizizi, muda wa kawaida wa madai ya namna hii ni miaka mitatu. Wahamiaji wanaodhani kwamba matanga hayana haraka hujikuta wamechelewa.

Milango mingine

Si kila familia inatafuta fedha. Chuo cha Madaktari na Wapasuaji cha Ontario, chenye makao yake Toronto, licha ya jina lake si shule bali ni chombo cha kusimamia taaluma. Hupokea malalamiko bila malipo, na kinaweza kumwonya daktari, kumwamuru arudie mafunzo, au hata kumfutia leseni. Hakilipi fidia.

Mlango ulio wazi kuliko yote ulifunguliwa mwaka 1992, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba mgonjwa ana haki ya kuona na kupata nakala ya kumbukumbu zake za matibabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa haki. Karatasi ya kipimo cha moyo iliyoandikwa saa na dakika huweza kuzungumza pale ambapo kumbukumbu za watu zinapingana.

Nani hupitwa?

Mwaka 2000, utafiti uliofanywa katika hospitali za Marekani ulionyesha kwamba takriban asilimia 2 ya wenye mshtuko wa moyo walirudishwa nyumbani kimakosa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wanawake walio chini ya miaka 55, watu wasio weupe, na wale ambao lalamiko lao kuu lilikuwa pumzi, si maumivu.

Kwa jamii za Afrika Mashariki zilizopo Toronto, wakiwemo Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, jambo hilo si dogo. Mzee anayesema kwa Kiswahili kwamba chembe cha moyo kinamuuma anaonyesha mahali palipo juu ya tumbo. Mkalimani asiye makini atatafsiri tumbo, na moyo utasahaulika. Huko ndiko baadhi ya misiba inakoanzia, kabla ya wakili yeyote kuitwa.

Swali lililobaki

Mwaka 1990, kamati iliyoongozwa na Robert Prichard wa Chuo Kikuu cha Toronto ilipendekeza pawepo njia ya kuwafidia wanaopata madhara makubwa yaliyoweza kuepukika, bila kulazimika kuthibitisha uzembe, huku haki ya kwenda mahakamani ikibaki. New Zealand ilikuwa tayari na mfumo wa kufidia bila kutafuta mkosaji tangu mwaka 1974. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 2009, Ontario ilipitisha sheria inayomruhusu daktari kuomba radhi bila maneno hayo kutumiwa dhidi yake katika kesi ya madai.

Hivyo familia inaweza kuambiwa pole kwa uwazi zaidi kuliko zamani. Lakini pole hailipi kodi ya nyumba ya mjane, na anayetaka zaidi ya hapo bado anapaswa kuuthibitisha uzembe, kisha chanzo cha kifo, na awe amefungua madai kabla ya miaka miwili kupita.