Mifupa ya Rujugira na Hesabu ya Kaboni

Kigali ya leo, ukitaja atomu, watu hufikiria umeme. Oktoba 2019, mjini Sochi, serikali ya Rwanda ilikubaliana na Warusi wa Rosatom juu ya kituo cha sayansi ya nyuklia. Septemba 2023 Bodi ya Nishati ya Atomu ya Rwanda ikatia saini mkataba na kampuni ya Dual Fluid kuhusu kinu cha majaribio. Anayefuata habari hizo anaweza kudhani nchi ndiyo kwanza inafungua mlango. Lakini miongo mingi kabla ya hapo atomu zilikuwa zimekwisha kuitwa kutoa ushahidi hapa, na kesi yenyewe ilihusu chuma, vyungu na wafalme.

Shahidi mkuu ni kaboni. Kila atomu ina kiini kilichoshikamana, chenye protoni na nyutroni, na elektroni zinazokizunguka. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua jina: sita ni kaboni, saba ni naitrojeni, tisini na mbili ni urani. Nyutroni zinaweza kupungua au kuzidi bila jina kubadilika. Kaboni ya kawaida ina nyutroni sita. Ipo nyingine yenye nane, kaboni-14, ambayo miale itokayo anga za mbali huizalisha kila siku juu angani kwa kuigonga naitrojeni. Ni adimu mno, takriban atomu moja katika trilioni, nayo haidumu. Ghafla nyutroni yake moja hugeuka protoni, elektroni hufyatuka kutoka kwenye kiini, na kilichobaki ni naitrojeni. Elektroni hiyo iliyofyatuka ndiyo mionzi ya beta. Ni mionzi dhaifu kuliko ya gamma, ambayo hupenya mwili wa mtu na kuhitaji risasi nene au zege kuizuia.

Hakuna ajuaye atomu fulani itageuka lini. Kwa wingi wake, hata hivyo, hesabu haiyumbi: kila baada ya miaka 5,730 hivi, nusu ya kaboni-14 iliyokuwapo huwa imekwisha. Mti, ng'ombe na mtu huingiza kaboni mpya maadamu wako hai. Wakifa, kuingiza kunakoma na kupungua kunaendelea. Pima kilichosalia katika mkaa au mfupa, utajua kiumbe kilikufa lini.

Aliyegundua njia hii ni Willard Libby wa Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobel. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Libby alikuwa mmoja wa wanasayansi waliotafuta namna ya kutenganisha urani kwa ajili ya bomu la Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Mwenye mgodi, Union Minière, ndiye aliyekuwa akichukua vijana wa Ruanda-Urundi tangu miaka ya 1920 kwenda kufanya kazi katika migodi yake ya Katanga. Kwa hiyo mwanzilishi wa ujuzi uliokuja kupima historia ya Rwanda alipitia mradi uliolishwa na udongo wa jirani. Vitabu vya fizikia mashuleni havitaji jambo hili, nami naona ni upungufu.

Watafiti Jean Hiernaux na Emma Maquet walikuwa wakichimba Rwanda katika miaka ya 1950, wakitafuta vyungu vya aina ya Urewe, vile vyenye kibonyeo kitakoni, vilivyopewa jina la kijiji cha magharibi mwa Kenya. Mkaa wa Ndora na Cyamakuza ulipopimwa ulielekeza kwenye karne ya 3 baada ya Kristo. Leo tarehe hizo zinaonekana za karibuni sana. Zilipotoka zilikuwa kishindo, kwa sababu zilithibitisha kuwa katika milima hii wafinyanzi na wafua chuma walikuwapo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya falme zinazokumbukwa kwa majina. Baadaye tanuri za kuyeyushia chuma za Rwanda, Burundi na Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania, zilitoa tarehe za kabla ya Kristo, na ugomvi ukaanza. Kiwango cha kaboni-14 angani hakikuwa kilekile nyakati zote, na kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo kilipanda na kushuka kiasi kwamba miaka mia nne huonekana kama mwaka mmoja. Tena mkaa hueleza mti ulikua lini, wala hausemi ulichomwa lini. Mfua chuma akitumia kiini cha mti mkongwe, tanuri yake huzeeka bila sababu.

Kwa wafalme mambo ni magumu zaidi. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Francis Van Noten alifukua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira huko Gaseke, kaskazini mwa Kigali. Kaburi lenyewe lilikuwa changa, kwani mwili wa mfalme ulikuwa umekaushwa na kutunzwa kwa vizazi kadhaa, ukazikwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndani mlikuwa na vitu vya heshima, na kichwa cha mfalme kilikuwa kimelazwa juu ya nyundo za chuma. Aliyetazama udongo na shimo peke yake angesema mtu huyu alifariki wakati wa Wabelgiji. Kaboni haijali shimo lilichimbwa lini. Hesabu yake ilianza siku Rujugira alipoacha kula.

Na alifariki lini? Padri Alexis Kagame, aliyehesabu vizazi kutoka kwa watunza mapokeo ya jumba la kifalme, aliweka utawala wake kati ya 1675 na 1708. Mwanahistoria Jan Vansina, akiyapima mapokeo yaleyale kwa ukali zaidi, alimsogeza hadi nusu ya pili ya karne ya 18. Tofauti inakaribia karne nzima, nayo ina uzito wa kisiasa, kwa kuwa umri wa dola umetumiwa mara nyingi kama hoja ya ukuu wake. Wengi wangependa maabara imalize ubishi. Bahati mbaya, tangu katikati ya karne ya 17 kiwango cha kaboni-14 angani kimeyumba tena, na kipimo kimoja kinaweza kulingana na vipindi viwili au vitatu vya kalenda. Kwa miaka hiyo kaboni ni shahidi mwenye macho mabovu kuliko mtunza mapokeo mzuri. Mimi naegemea kwa Vansina, ila sababu zangu zinatoka katika mapokeo yenyewe.

Kuhusu tiba nitasema machache, maana si historia ya kale. Kwa miaka mingi Mnyarwanda aliyehitaji tiba ya mionzi ya saratani alipelekwa nje, Hospitali ya Mulago jijini Kampala, Nairobi au India. Mashine ya Mulago ilitumia kobalti-60, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka mitano na ushei, na ilipoharibika mwaka 2016 kanda nzima iliumia. Mashine zilizoanza kazi Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe mwaka 2019 hazibebi chembe yoyote yenye kunururisha. Huzalisha mionzi kwa umeme, na ukizima swichi hakuna mionzi tena.

Mashine za jamii hiyo, zinazoharakisha chembe kwa umeme, zimegusa pia upande wa historia. Zamani maabara ilidai gramu kadhaa za kaboni na kuziteketeza. Sasa miligramu moja inatosha, na hata kaboni kidogo iliyoingia katika chuma kutoka kwenye mkaa wa tanuri inaweza kupimwa. Kwa hiyo nyundo za Gaseke zinaweza kuulizwa zilifuliwa kwa mkaa wa wakati gani, bila kuharibiwa sana. Ikiwa ni za kale kuliko mfalme mwenyewe, swali litahama kwa waliozirithisha.