Kiswahili Kilichofika Ziwa Mweru, na Kazi ya Kujitolea



Ndugu wazazi na wanafunzi, likitokea janga watu huuliza: sisi tutasaidia nini, nasi hatuna malori wala mahema? Tutazame historia ya Nchelenge, wilaya iliyo ufukweni mwa Ziwa Mweru, mkoa wa Luapula, Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo.

Nianze na yasiyopendeza. Kiswahili kilifika pande hizo karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waislamu. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, alimpiga Nsama, chifu wa Watabwa, akatwaa pembe nyingi za ndovu. Misafara ile ilibeba pembe, na ilibeba watu pia, wakiwa watumwa. Tusiwafiche watoto wetu hilo.

Hata hivyo, katika misafara hiyohiyo mlikuwa na jambo la kuzingatia. Mwanzoni mwa 1869 David Livingstone, akitoka pande za Mwata Kazembe, aliugua vibaya. Muhammad Bogharib, mfanyabiashara Muislamu, alimuuguza akaamuru abebwe kwa machela hadi Ziwa Tanganyika, na mwezi Machi akafika Ujiji. Alimhudumia mtu ambaye kalamu yake ilipinga biashara ya watumwa.

Sasa tuje karibu. Vita vya Kongo vilipoanza Agosti 1998, watu walivuka kuingia Zambia, zikafunguliwa kambi za Kala, wilaya ya Kawambwa, na Mwange, wilaya ya Mporokoso. Desemba 2000 mji wa Pweto, kaskazini mwa ziwa, ulipotekwa, maelfu wengine wakakimbia. Kuanzia 2007 walirudishwa kwao, na kambi zikafungwa 2010. Kisha 2017 mapigano yakawaka tena Tanganyika na Haut-Katanga. Watu wakapita Chiengi na Nchelenge, wakapokelewa Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala, humohumo wilayani Nchelenge, ambako mpango ulikuwa wapewe mashamba na watumie huduma pamoja na wenyeji.

Wenyeji wa ufuko ule husema zaidi Kibemba. Wakimbizi wengi kutoka Pweto na Moba husema Kiswahili. Basi fikirieni mama amefika zahanati na mtoto anayeharisha. Muuguzi anataka kujua: tangu lini? Amekunywa nini? Kuna mwingine mgonjwa? Asipopatikana mkalimani, hata dawa ikiwepo kabatini haijulikani apewe nani na kwa kiasi gani. Hapa ndipo kijana wa madrasa asiye na senti mfukoni ana kitu cha kutoa. Na ukalimani ni amana: usiongeze, usipunguze, na siri ya mgonjwa usiende nayo barazani. Asitumwe mtoto kumfasiria mama yake mambo ya uzazi au ya kudhulumiwa vitani.

Haya si mageni katika dini yetu. Muhajirina walipofika Madina, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwaunganisha undugu na Answari, mtu na mtu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Rufaida al-Aslamiyya (Radhiya Allaahu 'anhaa) alikuwa na hema la majeruhi, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume aliamuru awekwe humo. Tazameni: hema lilijulikana lilipo, na mwenyewe alijulikana kwa kazi yake.

Jambo hilo la kujulikana sisi hulidharau. Tuliwahi kukusanya nguo msikitini tukazipeleka bila kuuliza. Kumbe waathirika walihitaji ndoo na sabuni! Nguo zikanyeshewa mvua. Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliosema tusipoteze muda kuulizana.

Zambia ina utaratibu wake. Sheria ya mwaka 2010 imeweka kamati za maafa za taifa, mikoa na wilaya, hadi kamati ndogo za vijiji, chini ya ofisi ya Makamu wa Rais. Chama cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1966, nacho hupokea watu wa kujitolea. Anayetaka kusaidia ajiandikishe kabla ya janga, aseme lugha anazozijua, afundishwe huduma ya kwanza na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha. Kipindupindu kinaijua sana mialo ya wavuvi, na anayekwenda huko bila mafunzo anaweza kurudi nacho nyumbani.

Kwa wanafunzi wetu, Jumamosi baada ya somo, tunaweza kuanza na daftari la maneno ya zahanati, mistari mitatu kwa kila neno. Kibemba: amenshi. Kiswahili cha Kongo: mayi. Chetu: maji.