Pistoni Dhidi ya Mchanga

Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ilikuwa imekwisha kurefuka kwenda juu. Mji huu uliochipuka kwenye shamba namba 64, ambao wenyeji hawajaacha kuuita Sisibo, una desturi yake ya kipekee: fedha za riadha hugeuka majengo. Komora Centre ya Moses Kiptanui, bingwa wa dunia mara tatu wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ni mfano mmoja tu. Mshindi akirudi na kitita kutoka ng'ambo, haichukui muda nondo zinaanza kuchomoza mahali.

Katika mijengo midogo zege bado inapanda kwa karai, mtu akimkabidhi mwenzake ngazi kwa ngazi, au inavutwa kwa winchi. Kwenye mijengo mikubwa kazi hiyo hupewa pampu. Lori la kuchanganyia humimina zege kwenye beseni la nyuma la mashine, na ndani kuna silinda mbili zinazopokezana: hii ikifyonza, ile inasukuma. Wapita njia huvutiwa na bomba refu lililonyooshwa juu ya jengo. Lakini anayebeba mzigo wote hata haonekani. Ni mpira mnene uliozingira kichwa cha pistoni, unaokwenda na kurudi ndani ya silinda iliyojaa saruji, kokoto na mchanga.

Mchanga ndio adui. Chembe nyingi za mchanga wa mtoni ni kwotzi, na kwotzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe moja ikinaswa kati ya pistoni ya chuma na silinda ya chuma, huchimba mfereji. Mfereji hupitisha maji yenye saruji, maji hayo hubeba chembe nyingine, nazo hupanua njia. Siku chache za hivyo zinatosha kuua silinda.

Namna ya kuziba pistoni iliwasumbua watu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaza kupandisha zege kwa bomba. James Watt, aliyeboresha injini ya mvuke, alihangaika miaka mingi kwa sababu silinda za zama zake hazikuwa duara kamili. Aliponea kwa John Wilkinson, ambaye mashine yake ya kutobolea mizinga iliweza kukereza silinda iliyonyooka katikati ya miaka ya 1770. Hata hivyo pengo lilibaki, na Watt alilifukia kwa nyuzi zilizosokotwa na kulowekwa shahamu. Karibu miaka mia kabla yake, Mwingereza Samuel Morland alikuwa amepata wazo la kinyume: badala ya pistoni kutembea na kizibo chake, kizibo kikae mdomoni mwa silinda, nalo gogo la chuma lipite katikati yake likiingia na kutoka. Mawazo yote mawili yangali hai hadi leo.

Hatua kubwa ilitoka kwenye karakana ya Joseph Bramah jijini London. Mwaka 1795 Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji yenye nguvu za kutisha, ila ilikuwa na ila moja. Kizibo kikikazwa vya kutosha kuzuia maji, kiling'ang'ania pistoni isirudi. Kikilegezwa, maji yalifoka. Sifa ya kulitatua fumbo hilo hupewa fundi wake kijana, Henry Maudslay. Alitumia ngozi iliyokunjwa kama kikombe, mdomo wake ukielekea upande wa maji. Maji yakikandamiza, yenyewe huutanua mdomo wa ngozi na kuubana ukutani. Presha ikiisha, ngozi hunywea na pistoni hurudi bila ubishi. Maji yakawa yanajizuia yenyewe.

Wazo hilo la kikombe ndilo lililoenea duniani, likafika vijijini Afrika Mashariki ndani ya pampu za mkono. Ngozi ilipatikana kila mahali na fundi yeyote mwenye kisu aliweza kuikata. Lakini ilikuwa na tabia mbili mbaya. Pampu ikikaa bila kutumika, ngozi ilikauka na kujikunja. Na kisima kikiwa na mchanga, chembe zilijishindilia ndani ya ngozi na zisitoke tena, mpaka kikombe chenyewe kikageuka msasa unaoisugua silinda kila mpini unaposhuka.

Ufumbuzi wa tatizo hilo una anwani ya Kenya. Miaka ya 1980, wakati Umoja wa Mataifa ulipoitangaza 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji safi, Benki ya Dunia na UNDP walikuwa wakijaribu pampu za mkono katika nchi nyingi. Wilaya ya Kwale ikawa mojawapo ya viwanja vikuu vya majaribio. Maji ya chini ya ardhi huko yalikuwa yanakula mabomba ya chuma, na pampu zilizoharibika zilisubiri gari la serikali ambalo huenda lisitokee. Kutokana na kazi iliyoanzia Malawi na kukamilishwa Kenya ikazaliwa pampu ya Afridev, inayoweza kuvuta maji hadi kina cha takribani mita 45.

Mtu akiifungua Afridev ataona jinsi wabunifu wake walivyoacha kupigana na mchanga na kuanza kufanya naye mapatano. Silinda ina bitana ya shaba nyeupe. Pistoni ni ya plastiki. Kizibo ni kikombe cha mpira wa naitraili, kidogo, rahisi, cha kutupwa. Bomba ni la plastiki, na pistoni inavutwa juu kupitia humo humo bila kung'oa bomba zima. Spana moja na kifaa cha kunasia vinatosha kwa kazi nyingi. Shirika la KWAHO lilifundisha vikundi vya vijiji, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kubadilisha vizibo hivyo wenyewe. Swali la zamani lilikuwa kizibo kipi hakitachakaa kamwe. Huko Kwale swali liligeuzwa: kikichakaa, nani atakibadilisha, na kwa muda gani? Hayo ndiyo mageuzi hasa, kuliko hata mpira wenyewe.

Wajerumani walikuwa wamefika kwenye fikra hiyo hiyo kwa njia ya zege.

Max Giese na Fritz Hell ndio wanaotajwa kuwa watu wa kwanza kufanikiwa kusukuma zege kwa pampu kwenye ujenzi wa kweli, mwaka 1927, wakaipandisha kiasi cha mita 38. Mholanzi Jacob Cornelius Kooijman aliiboresha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mashine zile ziliendeshwa kwa kombo na magurudumu, pistoni ikipiga kwa nguvu ile ile hata bomba likiwa limeziba, na matokeo yake si vigumu kuyakisia. Mabadiliko yaliletwa na kampuni ya Schwing ya mji wa Herne, ambayo mwaka 1957 ilitoa pampu yenye silinda mbili zinazoendeshwa kwa mafuta ya haidroliki. Sasa nguvu iliweza kupimwa, kupunguzwa, hata kugeuzwa zege irudi nyuma pale bomba linapokwama.

Ndani ya mpangilio huo kuna sehemu ambayo haipati sifa inayostahili, nayo ni kisanduku cha maji. Kila silinda ya zege imefuatana na silinda ya mafuta, zikishiriki mhimili mmoja, na kati yake pana kisanduku chenye kifuniko juu, kimejaa maji safi. Pistoni ikisonga mbele kusukuma zege, maji huifuata nyuma na kuujaza mwanya. Ikirudi, maji hurudi kisandukuni. Maji hayo huupoza mpira, huosha utando wa saruji uliobaki ukutani kabla haujaganda, hulainisha, na huzuia saruji isiyafikie mafuta ya haidroliki, ambayo ni ghali na hayavumilii hata chembe moja.

Zaidi ya yote, maji hayo hutoa taarifa. Mwendeshaji makini hufunua kifuniko na kuangalia rangi. Yakiwa safi, kazi iendelee. Yakianza kuwa ya kijivu, mpira umeanza kuachia. Yakiwa mazito na yenye mchanga, kuendelea ni kuiuza silinda kwa bei ya mpira. Na kwenye mijengo mingi kishawishi ni kikubwa, maana zege iliyokwisha kuchanganywa haingojei. Ndiyo maana silinda nyingi hufa mchana mwenyewe akijua.

Kwa nini mpira, kitu laini, udumu mahali ambapo chuma hushindwa? Chembe ya mchanga ikibanwa kati ya mpira na ukuta wa silinda, mpira hubonyea, huimeza kwa muda, kisha huitema inapopita. Chuma hakibonyei, hukatwa. Basi wahandisi wakagawa kazi. Ukuta wa silinda hupakwa kromiamu ngumu, safu nyembamba isiyofika nusu milimita, ili mchanga usipate pa kuuma. Kichwa cha pistoni huvikwa mpira mgumu au poliurethani, wenye midomo inayotanuliwa na presha vile vile kama ngozi ya Maudslay. Mpira umewekwa ufe, na silinda iishi.

Huku nyanda za juu kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya mwongozo hulipita haraka. Pampu haivuti chochote kwa kweli. Pistoni ikirudi nyuma huacha nafasi tupu, na ni uzito wa hewa unaoshindilia zege iingie humo. Eldoret iko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 78 ya lile la Mombasa. Maji yanayoweza kufyonzwa kinadharia hadi mita 10 pale Mombasa, hapa hukomea kama mita 8. Kwa zege nzito nafasi ya makosa hupungua zaidi: mpira uliochakaa ukipitisha maji kidogo kutoka nyuma, silinda haijai zege, na kila pigo husukuma pungufu. Fundi anayelaumu mchanganyiko kuwa mkavu mno huenda angetazama mpira kwanza.

Ndugu wa karibu wa pampu ya zege ni pampu ya tope la kuchimbia visima virefu. Kati ya mwaka 1900 na 1901, kwenye kilima cha Spindletop huko Texas, wachimbaji walipambana na mchanga uliokuwa ukiporomoka kisimani, wakaanza kuzungusha maji yenye udongo mfinyanzi. Inasimuliwa kwamba waliswaga ng'ombe kwenye dimbwi ili walivuruge. Tope hilo hupoza keekee, hubeba vipande vya mwamba hadi juu na kuzuia kuta zisianguke. Lakini linaporudi juu huchekechwa tu, halisafiki kabisa, kisha hupitishwa tena kwenye pampu. Pistoni zake, siku hizi tatu kwa mpigo, husukuma kwa presha kubwa kuliko zege ya kawaida, usiku na mchana.

Kenya inaijua kazi hiyo vizuri. Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, visima vya siku hizi hufika kina cha kilomita 3 ndani ya miamba ya volkano. Kaskazini, mafuta yalipogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, barabara ya Eldoret, Kitale na Lodwar ikawa njia ya mitambo mizito kuelekea Turkana. Kwenye pampu za tope silinda yenyewe ina ala ya ndani inayochomolewa, na pistoni hunyunyiziwa maji mgongoni bila kukoma. Maji yakikatika, mpira huungua kabla zamu haijaisha.

Upande wa zege, rekodi iliwekwa Dubai, jiji linalojulikana sana na vijana wa Bonde la Ufa wanaokwenda kutafuta kazi Ghuba. Mwaka 2008 pampu ya kampuni ya Putzmeister ilisukuma zege hadi mita 606 kwenye jengo la Burj Khalifa bila kituo cha kati. Miaka minne baadaye wamiliki walibadilika: Sany ya China iliinunua Putzmeister, na XCMG ikachukua sehemu kubwa ya Schwing. Majina mawili yaliyoijenga teknolojia hii Ujerumani yakaingia mikononi mwa Wachina mwaka huo huo wa 2012.

Katika muongo huo Kwale ilirudi kwenye habari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu za mkono kifaa kidogo kinachohesabu mwendo wa mpini na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu, hivyo pampu iliyonyamaza ikajulikana bila mtu kupanda bodaboda kwenda kuripoti. Baadaye waligundua kwamba mtetemo wa mpini unasema zaidi ya hayo: unaweza kukadiria kina cha maji kisimani. Huduma ya FundiFix, inayohudumia Kwale na Kitui, ilijengwa juu ya kazi hiyo. Jamii hulipa ada, na fundi hufika katika siku chache badala ya majuma. Mwendeshaji wa pampu ya zege bado analazimika kuinama na kutazama rangi ya maji kisandukuni.